Sidiria na madera baada ya kuondolewa titi

Dada zangu, msikimbilie sidiria za kuagizwa za bei kubwa. Kwenye mitumba ya soko la Darajani, Zanzibar, tafuteni ya pamba, isiyo na waya (waya huchubua kovu), yenye mikanda mipana mabegani. Miezi ya mwanzo, ya kufungia mbele ndiyo inayofaa, maana mkono haufiki mgongoni.

Mpelekee fundi pamoja na kipande cha khanga kuukuu iliyolainika. Ashone mfuko ndani ya kikombe, mdomo wake uelekee kwapani, na mshono usipite juu ya kovu. Titi la kitambaa la kutia mfukoni humo hujazwa pamba ya mito. Kasoro yake ni wepesi: sidiria hupanda upande mmoja na shingo ya dera ikaenda mshazari. Shoneni kijifuko cha shanga za kioo, mkiweke ndani ya titi hilo, chini kwa nyuma, mpime mbele ya kioo mpaka pande zilingane. Mchele msitie, kwa joto letu hili hulowa jasho ukavunda. Titi la bandia la silikoni lina uzito mzuri, ila lingoje kovu lipone, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na daktari aruhusu. Lioshwe kila siku.

Nguo za juu si tatizo kubwa huku kwetu. Dera la maua huficha. Kitambaa cha kuvutika cha rangi moja hufichua kila kitu. Aliyetolewa tezi za kwapani aepuke lastiki ya kubana mkononi, mkono huweza kuvimba. Buibui la zipu mbele pia huvalika bila kunyanyua mikono.