Siku moja maishani mwangu: yaya hotelini Punta Cana

Tangu niweke ile picha ya minazi kwenye stetasi naulizwa maswali, oo umeomoka, oo tutumie tiketi na sie, hata binamu yangu ambaye hajanijulia hali tangu Ramadhani amekumbuka kuwa mie ni damu yake. Ebu niwaambie siku yangu ilivyo, saa kwa saa, halafu muendelee kunionea wivu mkitaka.

Niko Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, ile ncha ya mashariki ya kisiwa wanachogawana na Haiti. Hoteli yenyewe ni ya familia, ukishafungwa bendi mkononi basi, chakula, soda, pombe, aiskrimu, bwawa, muziki, vyote vishalipwa kabla hujatoka kwenu. Bendi ninayo, ya bluu. Ila mie ni yaya. Nimeletwa na familia ninayoifanyia kazi New York, watoto watatu, wa kwanza miaka 8, wa kati 5, na kitinda mimba miaka 2 ambaye ndiye bosi wa kweli hapa.

Saa 11:40 alfajiri

Simu inalia chini ya mto. Kazi ya kwanza ni kukamata sanbedi, vile vitanda vya kuotea jua. Mwezi huu wa sita jua linachomoza kama saa 12 hivi, lakini saa hizi kuna wababa wa watu washafika, mataulo kwapani, wanatembea haraka haraka mchangani na hawasalimiani, kila mtu na vita vyake. Kuna kibao kabisa kinakataza kuweka nafasi kwa taulo. Leo nimekikuta kibao chenyewe kimeanikwa taulo.

Natandika zangu tano chini ya mwavuli wa makuti. Si makuti yetu ya mnazi, ni ya mti wao unaitwa cana, ndo huo uliolipa pahali jina, hata uwanja wa ndege umeezekwa hayo hayo, nilivyoshuka nikadhani nimerudi kwetu Mtwapa, pwani ya Kenya.

Ufukweni kuna trekta na vijana wenye reki, wanazoa mwani. Msifikirie mwani wa kina mama wa Kibuyuni wa kulima na kuuza, huu ni wa kahawia, una vipovu kama shanga vinavyoufanya uelee, haulimwi na mtu, unakuja wenyewe kutoka Atlantiki na tangu 2011 unakuja kwa wingi wa kutisha, hasa miezi hii ya joto. Ukioza unanuka mayai viza. Wale vijana wanakimbizana wamalize kabla wageni hawajaamka, na wageni wakija na kahawa zao wanakuta mchanga mweupe wanasema ee, kuzuri kweli. Usiku unajaa tena.

Nampigia mama, nyumbani ni saa 6:40 mchana, yuko kwenye wali. Ananiuliza nimekula nini. Bado. Anacheka, ati hoteli ya kula bure na mtu ana njaa.

Saa 1:30 asubuhi

Bafe. Hapa ndo napenda, siwafichi. Kuna kitu kinaitwa mangú, ndizi mbichi za kuchemsha zikapondwa mpaka laini, juu wanaweka vitunguu vyekundu vya siki, na pembeni jibini ya kukaanga, salami na mayai, hivyo vitatu wanaviita mapigo matatu. Ukila hiyo asubuhi unaweza kubeba gunia. Watoto wangu wao ni pankeki na chipsi, siku ya tano leo, pankeki na chipsi. Wa kati amejaza sahani vipande tisa vya tikiti, amekula kimoja, vinane vimeenda na weta. Niliwahi kufanya kazi hoteli Bamburi miaka minne, hauskipingi, na sie kantini yetu ilikuwa ugali maharagwe Jumatatu hadi Jumatatu, kwa hivo nikiona sahani kama ile inarudi jikoni nageuza macho nisije nikasema kitu.

Saa 3 asubuhi

Klabu ya watoto inafunguliwa. Wanachukua miaka 4 hadi 12, maanake wawili wanaingia na mdogo nabaki naye. Kabla ya hapo losheni ya jua. Yeyote ambaye hajawahi kumpaka mtoto wa miaka miwili losheni na yeye ana mchanga mwili mzima asinifundishe maisha. Unampaka mkono, anaushika mchanga, anajipaka usoni, analia macho, unamwosha, losheni yote imeondoka, unaanza upya. Dakika arobaini. Baba mtu anapita na glasi ananiambia pole, halafu anaongeza, lakini si na wewe uko likizo!

Likizo. Sawa.

Niseme ukweli, si watu wabaya. New York kuna sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2010, ukipita masaa 40 kwa wiki (44 kama unalala kwa bosi) hayo mengine ni ovataimu, unalipwa mara moja na nusu, na kabla hatujapanda ndege nikamwambia mama mtu nataka tuende kwa hesabu hiyo hiyo huku, na kwa maandishi. Akaandika. Kwa hivo masaa yangu nayaandika kwenye simu, kila siku, kuanzia taulo ya kwanza. Dada zangu mnaofanya kazi hizi, popote mlipo, Gulf, Ulaya, andikeni masaa. Kichwa kinasahau na bosi pia anasahau, tena yeye haraka zaidi.

Saa 5 asubuhi

Bwawani. Muziki ni merengue na kipaza sauti, kuna kijana wa animesheni, wa kuchangamsha wageni, anaruka ruka tangu saa 4 na hajaacha kutabasamu, nawajua hawa, wetu pia walikuwa hivo, jioni wakivua ile fulana wanakaa nyuma ya jiko kimya kabisa hawataki hata kusalimiwa. Wazazi wako kwenye baa iliyo ndani ya maji, wanaonja mamajuana, ramu na divai nyekundu na asali vimelowekewa magome na mizizi kwenye chupa. Rangi yake kama dawa ya mganga na wanasema ni dawa kweli, ya nini msiniulize.

Mdogo anataka aingie, atoke, aingie, atoke, na yale maboya ya mikononi. Nimehesabu mara 23.

Saa 6:30 mchana

Chakula, na leo nimepata zawadi. Kule mwisho wa bafe ambako wageni hawafiki, wamejazana kwenye piza, kuna sufuria ya wali wa kahawia na punje ndani. Nikaonja nikasimama. Mbaazi! Mbaazi na nazi, wallahi, wamezipika humo humo na wali. Wanaita moro de guandules. Nikamwonyesha mpishi kidole, nikasema mbaazi, akasema guandules, nikasema nazi, akasema coco, tukawa tunacheka kama wajinga na foleni nyuma inasubiri. Mbaazi asili yake Bara Hindi, zikaja kwetu Afrika, na huku Karibi zilifika enzi za meli za watumwa. Nikala nikafikiria hilo kidogo, halafu mdogo akamwaga juisi.

Hamri tu ndo lilikosekana.

Saa 8 mchana

Kumlaza mdogo. Korido nzima ina baridi ya eisii na troli ya hauskipingi iko mlango wa pili kutoka kwetu. Hapa lazima niwarudishe nyuma. Jana nilikuta kitandani kwangu bata maji wa taulo, shingo imekaa vizuri, kazi safi. Asubuhi kabla sijatoka nikamkunjua nikatengeneza ndovu, miguu taulo kubwa, kichwa na mkonga taulo ndogo, tulivyofundishwa Bamburi, na chini ya mkonga nikaweka bakshishi dola tatu.

Sasa huyo mama anayesafisha ananiona, mtu wa makamo hivi, kitambaa kichwani, anauliza kwa mkono, elefante, wewe? Nikasema mimi. Nikamwonyesha kukunja shuka, kusugua, kusukuma troli, nikajipiga kifua. Akaelewa! Nikamwonyesha vidole, vyumba 16 kwa siku, kumi na sita. Akatikisa kichwa, akanionyesha 18. Tukasonya kwa pamoja. Kusonya hakuhitaji tafsiri.

Mtoto alikuwa ashalala begani kwa hivo chumba hakikusafishwa, nikamwonyesha saa, rudi saa 10. Nikakaa kwenye kiti gizani mpaka aamke. Hayo pia ni masaa, yameandikwa.

Saa 10 jioni

Ufukweni na wote watatu. Kwenye njia ya kushukia kuna askari, akaniomba bendi. Mara ya tatu wiki hii. Mbele yangu wamepita watu si chini ya kumi, hakuna hata mmoja aliyeinua mkono, na mie nimebeba mtoto, ndoo, koleo na mkoba wa nepi. Nikaelewa neno moja, haitiana. Wahaiti wengi wanafanya kazi upande huu na hawaachwi wapumue, hilo hata mgeni analiona. Nikainua mkono na bendi yangu ya bluu, nikamwambia Kenia. Akafurahi ghafla, aa Kenia, maratón! Nikampita. Mie ambaye kutoka stendi hadi nyumbani napanda bodaboda.

Mkubwa akaniuliza kwa nini yule hakuuliza bendi yake. Nikamwambia kamuulize babako.

Kitu kingine kimenisumbua tangu nifike na leo ndo nimekijua. Bahari ya huku haitoki. Kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, asubuhi yako ukutani, mchana unatembea mpaka mwambani kutafuta pweza. Hapa hata mita moja hayafiki, yanakaa pale pale kutwa kama yamewekwa kwenye beseni. Nikawaeleza watoto kuwa kwetu bahari inakwenda zake halafu inarudi, wa kati akaniangalia kwa huruma kabisa, akadhani naota.

Saa 12:30 jioni

Wazazi wamepata nafasi kwenye mkahawa wa Kijapani, ule wa kupikiwa mbele yako, mpaka uweke nafasi siku mbili kabla. Sie bafe tena. Chipsi.

Saa 2 usiku

Disko la watoto. Nyimbo zile zile nne, kwa lugha tatu, na midoli mikubwa yenye mtu ndani anayetokwa jasho. Mdogo alicheza mpaka akalala amesimama, sitanii, ameshika mguu wangu. Saa 3 wote wamelala, na mie naning'iniza suti za kuogelea zikauke balkonini na kukung'uta mchanga kwenye viatu sita.

Saa 4:20 usiku

Wazazi wamerudi, wanacheka, wananiambia asante, umetusaidia sana. Naandika kwenye simu: saa 16 na dakika 40. Naingia kachumba kangu, nawasha taa.

Kwenye fimbo ya pazia ananing'inia nyani. Nyani wa taulo, mikono mirefu, ananichekea, na amevaa miwani yangu ya kusomea. Chini yake kitandani shampuu nne badala ya mbili. Na kwenye kiganja cha nyani kuna vitu vidogo vya kijani, nikadhani majani, nikasogea karibu. Dola zangu tatu, zimekunjwa kila moja kuwa ua.

Nikakaa kitandani nikamwangalia yule nyani muda mrefu, miguu inawaka moto. Kesho naziweka tena, safari hii tumboni mwa mamba, mamba ni mgumu lakini nakumbuka anavyoanza. Simu nimeitegesha 11:40.