Bima ya vita kwenye mlango wa Hormuz

Nafanya kazi ya bima ya meli hapa Maskati, Oman. Washington ikitangaza jambo lolote kuhusu Iran, naangalia kwanza ada ya bima ya vita, yaani malipo ya kukinga meli inayopita penye hatari ya vita, kabla ya bei ya pipa la mafuta.

Mwaka 2019 ulinifundisha hivyo. Trump alikuwa ameitoa Marekani kwenye mkataba wa nyuklia na Iran Mei 2018, vikwazo vya mafuta vikarudi Novemba, na Mei 2019 India, Japani na wenzao wakanyimwa ruhusa ya kuendelea kununua. Iran iliyokuwa ikiuza nje mapipa kama milioni 2.5 kwa siku ikashuka chini ya nusu milioni. Mwezi uleule meli nne zilihujumiwa karibu na Fujairah, bandari ya Falme za Kiarabu, na kamati ya wenye bima kule London ikaitia Oman kwenye orodha ya maeneo ya hatari. Bahari ileile, manahodha walewale, lakini kila safari ikadaiwa ada ya ziada. Ada hiyo mwenye meli haimezi, humtwisha mwenye mzigo. Juni 13 zikashambuliwa meli mbili, Front Altair na Kokuka Courageous, hii ya pili ya Wajapani, na siku hiyohiyo Shinzo Abe, Waziri Mkuu wao, yuko Tehran anasuluhisha!

Wapo wanaosema mafuta yapite kwingine. Saudia ina bomba lake hadi Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, Falme za Kiarabu hadi Fujairah, nje ya mlango. Kuwait, Qatar na Bahrain zipite wapi? Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia yalipita pale Hormuz, kati ya Iran na Oman, kwenye njia ya maili mbili kwenda na mbili kurudi, ubavuni mwa Musandam, rasi yetu ya kaskazini.

Ndiyo maana nayathamini sana mazungumzo. Yale ya siri yaliyozaa mkataba wa 2015 yalianzia hapa Maskati mwaka 2012. Aprili 2025 Wamarekani na Wairani walirudi, na duru ya sita ikapangwa Juni 15. Juni 13 Israel ikaishambulia Iran, kikao kikafutwa, mafuta yakapanda asilimia 7 siku ileile. Shangazi yangu wa Kikwajuni, Zanzibar, akanipigia: "Mwanangu, na huku petroli itapanda?" Nikamwambia, shangazi, iliyokwisha nunuliwa ina bei yake, tazama tangazo la bei la mwezi ujao la ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar.

Mapigano yaliposimama Juni 24, bei ilishuka. Katika vita ile Hormuz haikufungwa hata siku moja.