Likizo ya Morogoro na Mlima wa Kalinzi

Juzi jioni nilikuwa najaza fomu ya likizo ya mwaka mezani, na mama watoto akauliza kutoka jikoni: "Baba, safari hii baiskeli utaisafirisha au unaiacha?" Nilimwambia nitafikiri. Kalamu ilisimama kidogo, maana swali lake lilinirudisha moja kwa moja kwenye Januari ile ya barabara ya Manyovu, hapa Kigoma, ambayo waendesha baiskeli wenzangu wa kijiwe chetu cha Mwanga wanaijua nusu yake tu.

Desemba iliyotangulia nilikuwa Morogoro kwa mama, aliyekuwa ametoka kuondolewa mtoto wa jicho. Siku 28 za likizo ambazo sheria inampa mfanyakazi ziliishia kwake na ndani ya treni, kwa kuwa reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200, na Morogoro ipo karibu na mwisho wake wa pwani. Kazi yangu ilikuwa kumtilia matone ya dawa, kumsomea magazeti na, jua likishapoa, kumshika mkono tukatembea taratibu hadi kwenye mwembe wa jirani na kurudi. Sikupanda baiskeli, hata ya kuazima, na hadi leo sioni siku moja kati ya zile ambayo ningekubali kuibadilisha kwa mazoezi. Nalisema hili mapema kwa sababu waendesha baiskeli wengi huzungumzia mapumziko kana kwamba ni hasara tupu, nami sikubaliani nao.

Hata hivyo mwili una hesabu zake. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimefikia kiwango nilichokitafuta kwa miaka: kutoka Mwanga, kupita Mwandiga, kuingia barabara ya Manyovu, kuipita Bitale, kisha kupanda hadi Kalinzi bila kuweka mguu chini. Asiyeijua njia hiyo na atazame kimo chake. Ziwa Tanganyika lipo mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kahawa ya Kalinzi yapo juu ya mita 1,500, kwa hiyo anayetoka mjini anapanda mita zisizopungua 700, na sehemu kubwa ya kimo hicho inamsubiri katika nusu ya pili ya safari, pale miguu inapokuwa imeshatumika.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, mvua ilikuwa imenyesha usiku na ukungu ulikuwa bado umeshika mabonde. Hadi Mwandiga nilijisikia mwepesi sana, nikawa napiga soga na wenzangu, kwa sababu miguu iliyopumzika haina uchovu ndani yake na kwenye vilima vifupi inaweza kukuaminisha kwamba hujapoteza chochote. Bitale tuliipita tukiwa kundi moja. Mlima ulipoanza, kundi likaanza kurefuka, nami nikajikuta mwishoni.

Kuna kona moja yenye michikichi upande wa bonde ambako siku zote huangalia saa. Ninavaa mkanda wa kifuani unaopima mapigo ya moyo, na kwa miezi mingi kabla ya likizo, kwa gia ileile na mwendo uleule, saa ilinisomea mapigo 150 kwa dakika au chini yake kidogo. Asubuhi ile ilisoma 172. Nilipunguza mwendo, nikasubiri namba ishuke, haikushuka. Miguu haikuuma hata kidogo, jambo ambalo lilinishangaza kuliko namba yenyewe; nguvu ya kukanyaga pedali ilikuwapo, ila kifua kilikuwa kimejaa, na kila nilipotaka kuvuta hewa ya kutosha, hewa iliishia njiani. Kijana aliyekuwa mbele yangu aligeuka kuniangalia, nikampungia mkono aendelee.

Ndipo nikamfikia mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mizigo, moja ya zile tunazopishana nazo kila Jumamosi bila kuzitazama vizuri. Keria yake ilikuwa imeongezwa urefu kwa nondo zilizochomelewa, kila upande lilining'inia dumu la mawese la lita 20, na juu kulikaa mfuko wa dagaa wakavu. Vyote vilifungwa kwa vipande vya tyubu vilivyovutwa hadi vikabadilika rangi. Madumu yale pekee yalikuwa na zaidi ya kilo 35. Mkono wake wa kushoto ulishika usukani, wa kulia uliegemea kiti, na kando ya fremu alikuwa amechomeka gongo lenye panda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatukuoni siku hizi? Wenzako wanapita, wewe haupo."

Nilimweleza kwamba nilikuwa nikimuuguza mama. Aliuliza kama ameanza kuona, nikamwambia sasa anasoma mwenyewe, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akasema kwamba hata yeye alikuwa ndani. Goti lilimlaza tangu mvua za kwanza, na baiskeli ikakaa ukutani muda wote huo.

"Na umerudi na madumu mawili?" nilimuuliza.

"Sikurudi na mawili. Nilianza bila mzigo, nikafika Bitale, nikageuza. Nikafanya hivyo mpaka goti likazoea. Halafu dumu moja. Haya mawili ndiyo naanza leo."

Nilishuka. Nikaishika baiskeli yangu kwa mkono mmoja, na mwingine nikauweka nyuma ya keria yake, nikaanza kusukuma. Nilichokihisi kwenye kiganja sijakisahau: uzito haukuja kwa mkupuo mmoja, ulikuja na kila hatua yake, mawese yakisogea ndani ya dumu na kurudi, na yeye alikuwa akiukanyaga mguu mara yanaporudi, kwa mpangilio ambao ilinichukua muda kuuelewa kabla mkono wangu haujaacha kupingana nao. Alipumua kwa mdomo uliofunguka kidogo, bila kuhema. Tulikwenda hivyo hadi mahali ambapo lami inapunguza mwinamo, akasimama, akachomoa lile gongo, akaliweka panda yake chini ya keria, na baiskeli ikasimama yenyewe na mzigo wake wote.

Nilimwambia kwamba mimi bado nina nguvu, twende tukasimamie juu ya kona inayofuata. Alikataa kwa upole.

"Tunasimama tukiwa bado na pumzi. Ukingoja iishe, hutaweza kuuanza tena huu mzigo."

Nikasimama naye. Nikaangalia saa: tulipokuwa tukisukuma ilifika 145, na kabla hajarudisha gongo kwenye fremu ilikuwa imeshuka hadi kwenye 110 na kitu. Tukaendelea hivyo, sukuma na simama, sukuma na simama, na niliona kwamba vituo vyake havikuwa vya kubahatisha. Kila kimoja kilikuwa kabla ya sehemu kali, kamwe si baada yake. Tulipofika kwenye nyumba alikokuwa akipeleka mawese, simu yangu iliita. Wenzangu walikuwa wameshafika Kalinzi, wanauliza kama nimepata pancha. Niliwajibu kwamba ninageuza, tuonane Mwanga, na nikashuka mlima nikiwa na nguvu iliyobaki.

Kilichotokea kifuani mwangu nilikuja kukielewa baadaye. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanamichezo 7 wa mazoezi ya muda mrefu walioacha mazoezi na kupimwa mara kwa mara hadi siku ya 84. Katika siku 21 za mwanzo, kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kilishuka kwa asilimia 7, na kufikia siku ya 56 kilikuwa kimeshuka asilimia 16 kisha kikatulia hapo. Upungufu wa mwanzo ulitokana na moyo kusukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo, kwa sababu mtu akiacha mazoezi damu yenyewe hupungua, hasa sehemu yake ya majimaji. Moyo hulipia pengo hilo kwa kupiga mara nyingi zaidi. Hapo ndipo 172 yangu ilipotoka. Lakini mishipa midogo kabisa ndani ya misuli, ile inayojengwa kwa miaka, haikupungua katika siku zote 84, na nadhani hiyo ni moja ya sababu za miguu yangu kutolalamika pale konani.

Nilichokipenda zaidi ni kazi za mtafiti mwingine, Robert Hickson, za miaka ya 1980. Watu waliokuwa wakifanya mazoezi siku 6 kwa wiki walipunguziwa hadi siku 4 au 2, na kwa wiki 15 kiwango chao cha oksijeni hakikushuka, ilimradi ukali wa mazoezi ulibaki vilevile. Ukali wenyewe ulipopunguzwa, kiwango kilishuka. Kwa anayesafiri, hii ni habari njema sana: si lazima abebe baiskeli nchi nzima na kuipanda kila asubuhi, anaweza kuilinda pumzi yake kwa siku mbili za mazoezi mafupi yenye kukaza, hata kama ni kupanda kilima kwa mbio za miguu. Mzee wa mawese alifuata njia nyingine, ya kurudi taratibu, naye hakuwa na cha kulinda kwa kuwa goti lilikuwa limemnyima hata hizo siku mbili. Nimejaribu kuzipatanisha njia hizi mbili akilini, na naona zinajibu maswali mawili tofauti: moja ni la anayeondoka, jingine ni la anayerudi.

Mimi nilikuwa ninarudi, kwa hiyo nikafuata ya mzee. Wiki zilizofuata niligeuza Bitale, kisha konani, kisha mahali pa gongo, nikipanda vipande vifupi vya kukaza na kusimama ningali na pumzi. Wenzangu walivumilia. Mapigo yalianza kushuka mapema kuliko nilivyotarajia, kwanza kwa haraka, kisha pole pole, kisha kwa kuvutana, wiki moja yakishuka na nyingine yakipanda tena. Mzee nilikutana naye mara kadhaa akiwa na madumu yake mawili. Aliniambia goti sasa ni zima kuliko kabla ya kuugua, na anaamini kule kulala ndiko kulikolitibu.

Kahawa ilipoanza kuiva nilifika Kalinzi na kundi zima, bila kuweka mguu chini. Kwenye kona ya michikichi saa ilisoma 156. Nimeipita kona ile mara nyingi tangu wakati huo, katika kiangazi na katika masika, na namba imebaki hapo au juu yake kidogo, haijarudi 150. Huenda ni ile likizo, huenda ni umri, kwa maana miaka nayo ilikuwa ikienda muda wote huo, na sina namna ya kuvitenganisha viwili hivyo.