Mlipuko Mkuu haukutokea mahali fulani

Jana kwenye matatu ya Rongai, kijana aliyeketi kando yangu alikuwa anatazama kwenye simu video ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani jinsi ulimwengu ulivyoanza kutanuka: giza totoro, kisha nukta moja inalipuka. Akaniuliza, "Anti, hapo palipolipuka ni wapi sasa?"

Swali zuri sana! Video hizo ndizo zinazopotosha watu. Hapakuwa na giza tupu likisubiri kitu kilipuke ndani yake. Nafasi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitanuka, kila mahali kwa pamoja, miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita. Ulimwengu hauna kitovu. Kiti tulichokalia kilikuwa "hapo" sawa na nyota ya mbali kabisa.

Na ushahidi umewahi kuingia sebuleni mwetu. Mnakumbuka zile chenga za televisheni ya antena, chaneli ikikosekana? Sehemu ndogo yake ni mnururisho wa kale, yaani mawimbi kama ya redio, ulioanza safari ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Wanasayansi Penzias na Wilson waliunasa kule New Jersey, Marekani, na kuutangaza mwaka 1965. Unatoka pande zote za anga, karibu sawasawa. Ungekuwa mlipuko wa mahali pamoja, tungeuona ukitoka upande mmoja.

Tena nasikia watu wakisema nadharia hii ilibuniwa kupinga dini. Jamani, Georges Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji! Wala nadharia yenyewe haidai kitu kilitoka kwa utupu. Inaeleza ulimwengu wa moto na msongamano mkubwa ulivyotanuka na kupoa.

Kijana alishuka kabla sijafika kwa Lemaître.