Utulivu kwanza

Wasiwasi haukatazwi ukakoma. Ndiyo maana nampenda Menachem Mendel Lefin wa Satanow, mwanazuoni wa Kiyahudi, ambaye kitabu chake Cheshbon HaNefesh (yaani Hesabu ya Nafsi), kilichotoka mwaka 1808, kinampa Myahudi jedwali la kufanyia kazi, si mawaidha matupu.

Jedwali lina mistari 13, mmoja kwa kila tabia, na safu 7 za siku za juma. Kila usiku unajihoji, na kila ulipoteleza unatia nukta. Tabia moja hutiliwa mkazo juma zima, kisha inafuata nyingine. Kwa majuma 13 umezimaliza, na kwa mwaka umezirudia mara 4. Mpango huo Lefin aliuchukua kwa Benjamin Franklin wa Marekani. Ila Franklin aliuweka utulivu nafasi ya 11, Lefin akautanguliza mbele ya yote. Naona alipatia: nafsi iliyotibuka haina subira wala mpangilio, na hizo ndizo tabia zinazofuata kwenye orodha yake.

Juma la utulivu hushughulika na vijambo: kikombe kilichovunjika, jibu la mkato, sifa ya kupita. Naam, hata sifa. Lefin anataka usiyumbishwe na dogo zuri sawasawa na dogo baya, na hapo wengi hawajikagui kabisa.

Wengine huanza na hofu kubwa, deni au ugonjwa, kabla hawajazoea vidogo, wakakata tamaa mapema. Wengine hujaza siku zote kwa mpigo mwisho wa juma, wakati kumbukumbu imeshawapendelea. Anayeshika Sabato haruhusiwi kuandika, kwa hiyo ya Ijumaa aimalize kabla jua halijatua, na ya Jumamosi ingoje nyota zitoke. Nukta zikijaa, zilinganishe na za duru iliyopita, si za jirani.

Deni, hata hivyo, halilipwi na jedwali. Bahya ibn Paquda, mwanafalsafa wa Kiyahudi wa Hispania, karne ya 11, alifundisha kwamba anayemtegemea Mungu bado ana wajibu wa kufanya kazi. Anachotua ni mzigo wa kudhani kuwa matokeo yako mikononi mwake. Na kwa hofu inayogoma kutoka, Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu iitwayo Yoma, ukurasa 75a, imehifadhi rai mbili za Rabi Ami na Rabi Asi: mmoja asema iondoe mawazoni, mwingine asema waeleze wenzako. Mimi naegemea ya pili. Mwenzako atakuuliza deni ni kiasi gani hasa, la nani, na linadaiwa lini.