Siku moja maishani mwangu: namfuatilia beki wa miaka 17 kabla ya dirisha la usajili

Saa 12:30 asubuhi
Niko kwa mama ntilie hapa Mabatini, Mwanza, chai ya rangi na chapati, daftari mezani. Kazi yangu ni kusaka vipaji kwa ajili ya kikosi cha vijana chini ya miaka 20 (U20) cha klabu moja, na kesho benchi la ufundi linakaa kupitisha majina. Wanataka beki wa kati anayetumia mguu wa kushoto. Hao ni adimu. Beki wa mguu wa kulia ukimpanga upande wa kushoto, kila akipokea mpira kwa kipa anaurudisha ndani kwenye mguu wake, na huko ndiko straika anakomvizia. Wa kushoto anafungua mwili kuelekea nje, na njia ya kumpata winga iko wazi. Kijana ninayemfuatilia anaweza hilo. Jina lake siliweki hapa, bado ni mtoto wa watu.

Saa 2 asubuhi
Mazoezi, kiwanja cha vumbi chini ya majabali. Mwalimu wake wa mtaani halipwi na mtu. Nimemuuliza jambo moja tu: kijana amesajiliwa rasmi? Akatoa kaunta buku, kila msimu umeandikwa, na nakala za leseni zimebanwa humo. Nilifurahi mno. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba wake ukiwa hai, kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Klabu isiyo na kumbukumbu za usajili haiambulii kitu, na klabu za namna hiyo Kanda ya Ziwa ni nyingi.

Saa 5 asubuhi
Mwaloni, Kirumba. Mama yake anauza dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kumchukua mwanangu?"

Nikamwambia nimekuja kuzungumza kwanza. Pembeni alikuwepo mjomba mtu, akasema kuna bwana anataka wachange hela ya pasipoti na tiketi, kijana apelekwe Ulaya mwezi ujao. Nilimjibu bila kuzunguka: FIFA imezuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa, na hela ya mzazi si mojawapo. Huyo bwana asipewe hata shilingi. Mama alinyamaza, akaendelea kupima dagaa kwenye sado, kisha akauliza kuhusu shule. Kijana yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Swali hilo lilistahili kutangulia mengine yote.

Cheti cha kuzaliwa nimekiona. Umri ni jambo zito: tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa picha za MRI kuona kama mifupa imeshaungana, dalili kwamba umri umepita 17. Udanganyifu wa mzazi au kocha humfungia mtoto milango baadaye.

Saa 10 jioni
Uwanja wa Nyamagana, nyasi bandia, upepo wa ziwani umeshaanza. Mzee mmoja jirani yangu anasimulia klabu ya hapa Mwanza, Pamba, jinsi ilivyorejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka zaidi ya 20 nje. Namuelewa kabisa, ila leo siwezi kuzungumza.

Dakika 20 za mwanzo sitazami mpira. Jukwaa zima linamshangilia winga wa wapinzani, fundi wa chenga. Mimi namtazama beki wangu mpira ukiwa mbali naye. Shingo haitulii. Anaangalia juu ya bega la kulia, anamuona namba tisa, anarudi hatua mbili, anaangalia tena. Anasimama mwili ukiwa upande, mguu mmoja mbele. Beki anayemkabili mtu kifua kwa kifua akipigiwa mpira wa nyuma yake ameachwa, hata awe na mbio kiasi gani.

Kipindi cha pili beki wa pembeni akapoteza mpira, kijana akabaki peke yake na washambuliaji wawili. Hakuvamia. Alirudi nyuma taratibu akiziba njia ya pasi, akamlazimisha winga aende nje kwenye mguu wake dhaifu, wenzake wakawa wanarudi. Shuti likatoka hafifu, kipa akadaka. Hakuna aliyepiga makofi. Ukabaji wa namna hii hauonekani kwa sababu hatari imekufa kabla haijazaliwa, ndiyo maana mabeki wazuri wa mitaani hupitwa na wasakaji tunaofuata kelele za jukwaa.

Dakika chache mbele wakafungwa kwa kona. Alikodolea mpira, mtu wake akampokonya nafasi na kupiga kichwa. Udhaifu wa kweli huo. Lakini alimnyanyua kipa, akawapanga wenzake kwa mikono, na mpira uliofuata aliuomba yeye.

Saa 3 usiku
Ripoti imekamilika. Nimeandika aitwe majaribio, achezeshwe beki wa kati kushoto, na asihamishiwe pembeni hata kama huko kuna pengo. Kukaba mtu kwenye kona afundishwe kila siku. Majaribio yasigongane na mtihani wa Novemba. Kwa hilo nimepiga mstari mara mbili, na kesho kikaoni nitalisema kwa mdomo pia.