Chupa za udongo dirishani
Leo chaki nimeiweka pembeni. Niliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la nne kila mmoja aje na udongo kutoka popote anapopita. Tukajaza chupa za plastiki hadi theluthi, tukaongeza maji, wakatikisa kwa nguvu zao zote. (Sakafu nayo ilipata mgawo wake.)

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote kwa watoto: kutulia na kutazama. Mchanga ulizama ndani ya dakika moja hivi. Tope laini likafuata polepole. Tulienda mapumziko tukarudi, bado linashuka. Udongo wa mfinyanzi ndio uliowashangaza. Chembe zake hazifiki hata milimita 0.002, kwa hiyo maji yatabaki na ukungu mpaka kesho au zaidi. Vijiti na majani makavu vikaelea juu.

Mmoja, yule asiyenyoosha mkono kamwe, akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo hata chini ya ziwa kuna tabaka kama hizi?”

Jamani! Somo la miamba tabaka, ile inayotokana na tabaka za mchanga na tope zilizogandamana, nililipanga wiki ijayo.

Chupa ziko dirishani. Ni marufuku kuzigusa, mimi nikiwemo.